Gari la Nyumba Arobaini na Tatu

Jumamosi, 4 Oktoba 1986

Gari limefika. Kilomita mia moja sabini na mbili kutoka Nairobi mpaka uani kwa Ciakuthii, na zote nimeziendesha kwa mwendo ule ule wa arobaini. Si mimi niliyetaka. Ciakuthii, mwenyekiti wa kikundi cha wamama, alikaa kando yangu tangu asubuhi akiukodolea mshale wa mwendo macho, na kila ulipogusa arobaini na tano alinigonga begani.

"Dereva, hii gari ni mpya. Usiitie fujo."

"Mama, hata lori za makaa zinatupita."

"Wacha zipite. Hizo ni za mtu mmoja. Hii ni ya watu arobaini na tatu."

Wamama hao arobaini na watatu wamesuka vyondo na kuuza ndengu miaka sita ili wapate pikapu hii. Sababu kila mtu hapa anaijua. Kutoka kwetu mpaka Siakago ni kilomita kumi na moja, kutoka Siakago mpaka hospitali ya Embu ni ishirini na kitu tena, na mama akishikwa na uchungu mbaya hubebwa na wanaume kwa kitanda. Wengine hufika. Mimi na mke wangu Rwamba tumezika watoto wawili ambao hawakufika. Sasa ana mimba ya miezi sita na nusu. Nilipoomba udereva wa gari hili sikuwaficha. Niliwaambia nataka liwe karibu na mlango wangu mwezi wa Desemba, wakacheka, wakanipa kazi.

Daftari hili ni la chama, niandike safari. Safari nitaandika kuanzia mbele, na yangu kuanzia nyuma, kwa Kiswahili, maana Kimbeere nakisema tu, kukiandika sikufundishwa.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeendesha magari ya serikali miaka kumi na moja, ya kubeba kokoto na wahandisi, na yote nilipewa yakiwa yamechoka. Injini mpya sijawahi kukabidhiwa. Kwa hiyo leo nimekaa na kile kitabu kilichokuja na gari, nikakisoma mara tatu na kamusi ya shule.

Kinasema kilomita elfu moja na mia tano za kwanza ndizo zinazoiamulia injini maisha yake yote. Usiikimbize kupita kiasi, hilo nililijua. Lakini kinasema pia usiende mwendo mmoja safari nzima, panda na ushuke. Usiiache ikinguruma gari limesimama. Usitambae nayo. Ipe kilima kidogo, ipe kazi ya kadiri, kisha iache ipumue. Ikifika kilomita elfu, mwaga oili ya kwanza uweke nyingine.

Nilicheka peke yangu. Safari ya Nairobi tayari tumeiharibu. Kesho kutwa kuna mkutano, nitawaambia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikuwaambia.

Mkutano uliamua gari lipelekwe kwa kila mwanachama, nyumba zote arobaini na tatu, kila mmoja alione likiingia kwake. Wamama watatangulia wakicheza na kuimba, gari linafuata nyuma yao. Wakifika uani mwinjilisti anaomba, mwenye nyumba anatoa uji. Na injini isizimwe.

"Ikizimwa mbele ya mwenye nyumba," alisema Ciakuthii, "ni kama mgeni amekataa uji. Hapana. Inaingia ikiimba, inatoka ikiimba."

Niliinua mkono. Nilikuwa na kitabu mfukoni. Ciakuthii akaniona, akasema, "Ndiyo, na dereva wetu Njiru atavaa shati nyeupe!" Wakapiga vigelegele, na Teresia, mkaza mwana wake, akaanzisha wimbo palepale wenye jina langu ndani. Niliushusha mkono.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nyumba nne. Gia ya kwanza kutwa. Jua kali.

Jumatano, 15 Oktoba

Nyumba tatu. Uji kila mahali, tumbo limekuwa ngoma.

Jumapili, 19 Oktoba

Nyumba tano baada ya ibada. Nina wamama thelathini mbele yangu wakicheza, mguu wangu uko kwenye klachi, na gari linajongea polepole kama mzee anayeenda msalani. Saa sita nzima injini imenguruma na tumekwenda kilomita nne. Joto linapanda, nafungua dirisha, wanafikiri nawapungia mkono, wanaimba zaidi.

Teresia hukaa nami mbele kwa sababu miguu yake imevimba. Yeye naye ana mimba, atajifungua Januari. Ni mcheshi, na ndiye anayetunga maneno ya wimbo. Leo amenifanya niwe dume la ng'ombe linalolinda arobaini na tatu.

"Njiru, unatabasamu peke yako," aliniambia.

"Ni jua."

"Jua gani lina meno?"

Nitasema ukweli kwa kuwa upande huu wa daftari hakuna anayeusoma. Napenda kuimbwa. Tangu kazi ya serikali iishe hakuna aliyenitaja jina ila kwa kuniita nikachimbe shimo la choo. Kila asubuhi naapa nitamwambia Ciakuthii juu ya kitabu, na kila asubuhi navaa shati jeupe.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mvua imeshuka. Wamama wote wako shambani wanapanda ndengu na kunde, mzunguko umesimama. Nilimshukuru Mungu. Kumbe nilishukuru mapema. Ciakuthii ameagiza niwashe gari kila asubuhi, lingurume nusu saa pale uani, lisije likalala.

Jumatano, 29 Oktoba

Mvua. Niliwasha. Nusu saa.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mvua. Niliwasha.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua ilipopungua tuliendelea kila siku, na leo ni nyumba ya arobaini na tatu. Tumemaliza. Walinibeba juu juu. Niliporudisha gari uani nilitazama kioo cha nyuma nikaona moshi wa rangi ya buluu. Nikajiambia ni mvuke wa mvua.

Jumamosi, 8 Novemba

Si mvuke. Nimevuta kijiti cha kupimia oili, na oili imepungua nusu. Injini haijamaliza kilomita mia tano. Nimetazama chini ya gari, mchanga mkavu, hakuna hata tone. Nimeongeza kopo zima.

Alhamisi, 13 Novemba

Imepungua tena. Ciakuthii alinikuta na kopo tupu mkononi.

"Hiyo oili inaenda wapi?"

"Gari linainywa, Mama."

"Gari mpya inakunywa oili? Ya mwinjilisti ina miaka tisa na hainywi."

Aliondoka akigeuka mara mbili kunitazama, na jinsi alivyonitazama siipendi.

Ijumaa, 14 Novemba

Leo nimepata habari mbili mbaya mahali pamoja. Nimempeleka Rwamba kliniki Embu. Nesi amempima, akaniita ndani, jambo ambalo hawafanyi. Kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia ya mtoto. Hawezi kujifungulia nyumbani kabisa. "Ukiona damu," ameniambia, "hata kidogo, usingoje uchungu. Mlete siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, tumpasue. Mna gari?"

Nikasema tunalo. Rwamba alinitazama kwa raha, kama mtu aliyewekeza mahali pazuri.

Nikamwacha anunue kitambaa, nikalipeleka gari kwa Gichovi, fundi mzee ambaye tulifanya naye kazi barabarani. Hakufungua chochote. Alisema niwashe, akasimama nyuma, akanusa moshi.

"Umeiendesha namna gani hii?"

Nikamweleza. Nairobi kwa arobaini. Nyumba arobaini na tatu kwa gia ya kwanza. Nusu saa kila asubuhi. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia.

"Njiru, umeibembeleza mpaka umeiharibu." Akanieleza taratibu. Ringi, zile pete za pistoni, na ukuta wa silinda zikitoka kiwandani zina ukwaruzo, na zinatakiwa zisagane zenyewe kwa zenyewe mpaka zikaliane. Kinachozisukuma zisagane ni nguvu ya moto, na nguvu hiyo huja injini ikifanya kazi. Ukiitambaza, ringi zinateleza tu, oili inaungua ukutani na kufanya utando laini kama kioo. Ukuta ukishakuwa kioo ringi hazishiki tena, na oili inapita.

"Itapona?"

"Labda. Ni mapema. Pakia mzigo, nenda barabara ya Meru. Yale mabonde yote ya Chuka. Panda ukikanyaga, teremka mguu umetoa kabisa, ikivutwa na gia. Panda, teremka. Fanya hiyo safari mara tatu, halafu mwaga oili. Ikikataa, tutafungua kichwa cha injini na kukwaruza silinda. Na Njiru, oili isipungue. Ikiisha injini hii itakufa siku hiyo hiyo."

Njia nzima ya kurudi Rwamba alikuwa akinionyesha kitambaa. Mimi nilikuwa nikihesabu siku. Zimebaki wiki tano.

Alhamisi, 20 Novemba

Chama kimenituma Makutano ya Meru kupeleka vyondo kwa mnunuzi. Vyondo havina uzito. Mtoni nilisimama nikapakia magunia kumi ya mchanga, nikaenda.

Sijafurahi hivi tangu Oktoba. Bonde baada ya bonde, nikakanyaga kupanda mpaka injini ikanguruma kwa nguvu, nikaachia kuteremka mpaka ikavuma. Mwanzoni moshi ulinifuata kama mkia. Kufikia Chuka ulipungua. Pale Makutano, katikati ya malori na kelele za magari ya abiria, nililala chini nyuma ya bomba la moshi nikanusa, watu wakanicheka. Wakati wa kurudi nilitazama kioo kila kilima, na vilima viwili vya mwisho sikuona kitu.

Safari moja. Zimebaki mbili.

Jumamosi, 22 Novemba

Hazitakuwapo.

Mwanachama mmoja alikuwa Runyenjes siku ile, akaliona gari likipita "kama linafukuzwa na polisi". Akasema. Ciakuthii akaja na wamama sita, wakakuta mchanga nyuma.

"Gari ya kubeba mama mjamzito," alisema, "wewe unabebea mchanga. Unauzia nani?"

"Sikuuza. Nilikuwa nawekea injini mzigo. Ilikuwa imeharibika kwa kutambaa, kitabu kinasema..."

"Kitabu gani?"

Nikamwonyesha. Alikigeuza mkononi. Ciakuthii si mjinga.

"Ulikuwa nacho tangu lini?"

Wote walikuwa wananitazama, na Teresia mmoja wao.

"Nimekipata juzi," nikasema. "Kilikuwa chini ya kiti."

Alinyoosha mkono, nikampa ufunguo. Ameutia kamba, ameuvaa shingoni. Gari litatoka kwa mgonjwa tu, na yeye ndani. Nikamwambia angalau liwekewe oili, makopo mawili. Akanijibu oili ya kuuza ameshaninunulia ya kutosha.

Nimekasirika mpaka nikashindwa kula. Lakini hasira yenyewe haina mahali pa kwenda. Akiniita mwizi ananikosea. Mwongo hajaniita bado.

Jumatatu, 1 Desemba

Mvua kubwa. Kila asubuhi mwanawe Ciakuthii analiwasha lile gari nusu saa. Nalisikia nikiwa kitandani.

Jumatano, 3 Desemba

Mvua. Nilienda kuomba tena oili. Nilikataliwa. Mimi mwenyewe sina pesa ya hata kopo moja.

Jumamosi, 6 Desemba

Nilienda kwa mwinjilisti aniombee kwa Ciakuthii. Alisema ataliweka katika maombi. Mimi nataka makopo mawili.

Jumanne, 9 Desemba

Rwamba ameniuliza mbona siku hizi naamka na kumtazama miguu. Nikasema naangalia kama imevimba. Naangalia damu.

Jumanne, 16 Desemba

Naandika leo mambo ya Jumapili.

Saa tatu asubuhi Rwamba alitoka nje, akarudi akasimama mlangoni. "Njiru," akasema, "imekuja." Ilikuwa imeshafika kwenye viatu.

Nilikimbia kanisani. Mahubiri yalikuwa yameanza. Nilipita katikati ya madawati nikasimama mbele ya Ciakuthii, nikanyoosha mkono. Aliuvua ufunguo shingoni akatoka nami mbio, mama wa miaka sitini, na Teresia nyuma yake na tumbo lake.

Uani kwake nikavuta kijiti. Ncha ilikuwa imelowa tu.

"Mama, oili."

"Tutanunua Siakago. Twende!"

Tulifika kwangu, tukamlaza Rwamba nyuma juu ya godoro, chini ya turubai. Teresia akapanda mwenyewe kumshika, hakuambiwa. Nikakanyaga. Matope yalitupeleka kushoto na kulia. Siakago duka la vipuri lilikuwa na kufuli, mwenyewe ameenda ibada. Nilipiga mlango kwa ngumi, nikaupiga kwa jiwe. Jirani akachungulia dirishani akasema watarudi saa saba. Ilikuwa saa nne. Nilirudi nikaona godoro lilivyolowa damu, nikapanda.

Baada ya Siakago kuna mwinuko mrefu. Katikati yake taa nyekundu ikawaka.

"Hiyo taa ni ya nini?" akauliza Ciakuthii.

Sikuwa na nguvu ya kudanganya tena. "Oili imeisha. Nikizima sasa, injini itapona. Nikiendelea itakufa."

Aligeuka akatazama kwa kidirisha cha nyuma. Teresia alikuwa amepiga magoti, kichwa cha Rwamba kimelala juu ya tumbo lake, na midomo yake inakwenda, sijui anaomba au anaimba.

"Embu imebaki ngapi?"

"Kilomita kumi."

Aligeuza uso mbele, kwenye barabara.

"Endelea."

"Mama, ni gari ya..."

"Njiru! Najua ni ya nani. Kanyaga!"

Nilikanyaga. Injini ilianza kugonga, kwanza polepole, halafu kama mtu aliyefungiwa ndani anataka kutoka. Kila kilomita nilimwambia Mungu moja tu, moja tu. Tulivuka lango la hospitali, ikapiga kishindo kimoja, magurudumu yakajifunga. Tulisimama hatua ishirini kutoka mlangoni. Wakaja na machela.

Saa saba mchana walimtoa mtoto. Msichana. Analia kwa hasira. Rwamba ameongezwa damu chupa tatu na yuko hai. Mimi nilikaa kwenye ngazi nikalia mbele za watu, na sikuona aibu.

Jumamosi, 27 Desemba

Mkutano. Gichovi alikuja mwenyewe kuwaeleza. Krenki, ule mhimili wa injini, umekatika, na chuma kimetoboa ubavu wake. Injini hiyo si ya kutengenezwa tena, labda inunuliwe nyingine. Wamama walikaa chini na hakuna aliyeimba.

Ciakuthii akasimama. "Mimi ndiye nilisema endelea. Mwenye hasira aje kwangu. Huyu mtu nilimwita mwizi na hakuwa mwizi." Akanigeukia. "Nilikunyima oili kwa kinywa changu. Unisamehe, mwanangu."

Hapo ningeweza kukaa. Wote walikuwa tayari kunisamehe, wengine walikuwa wanalia. Nilitazama tumbo la Teresia, nikasimama.

Nikawaambia juu ya kitabu. Nikasoma ule ukurasa, nikautafsiri: usitambae nayo, usiiache ikinguruma imesimama.

Teresia ndiye aliyeuliza. "Ulisoma lini?"

"Tarehe saba Oktoba."

"Kabla ya nyumba ya kwanza?"

"Kabla."

"Na ulituacha tuzunguke zote."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Mlikuwa mnaimba jina langu."

Mama mmoja mzee alicheka, akaona yuko peke yake, akaacha. Ciakuthii alinitazama kwa muda mrefu, na haikuwa kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira. Kisha akafunga mkutano bila sala.

Jumamosi, 10 Januari 1987

Teresia alishikwa na uchungu Jumatano jioni. Mtoto alikuwa amelala upande. Alhamisi alfajiri wakatafuta gari la D.O., afisa wa tarafa, lilikuwa safarini. Magari ya soko huja Ijumaa. Wakaleta kitanda.

Nilienda bila kuitwa. Wanaume walikuwa watano na kitanda kinataka sita, kwa hiyo hakuna aliyenifukuza. Nilishika mguu wa kichwani upande wa kushoto. Mvua ilikwisha kitambo, sasa ni jua na vumbi. Ciakuthii alitembea kando akimfunika Teresia uso kwa khanga. Tulipumzika mara nne. Kwa gari lile, likiwa zima, mpaka Siakago ni dakika ishirini.

Siakago tulingoja lori la mchanga kwa saa mbili na nusu. Embu tulifika saa tisa mchana. Teresia walimwokoa. Mtoto wa kiume, mkubwa, mzuri, hakupumua.

Nilikaa benchi moja na Ciakuthii mpaka jioni. Hakunilaumu. Nilitaka anilaumu, nikamwambia hivyo. Akasema, "Nimechoka, Njiru. Nenda umwone, amekuulizia."

Teresia alikuwa kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Nikamwambia pole. Aliitikia kwa kichwa. Midomo ilikuwa imemkauka, nikampa maji kidogo.

"Wako anaendelea vizuri?" akauliza.

"Vizuri."

"Ananyonya?"

"Ananyonya."

Akafumba macho. Nilidhani amelala, nikaanza kuondoka. Akaniuliza tena, na nikamjibu tena.